Kamba ya Bendera ya Mzamiaji

Jumatatu, 2 Agosti 1982

Nimegawa magunia, matenga na mapanga mawili yaliyonolewa. Mpini mmoja wa jembe umerudi vipande viwili. Aliyeurudisha anasema ulivunjika wenyewe. Mipini ya shamba hili ina tabia ya kujiua.

Maji bado. Wiki ya tatu sasa. Gurudumu lililo juu ya ukuta wa bwawa linazunguka vizuri, lango la chini linapanda na kushuka, lakini maji hayapiti. Matope na matawi yamejazana mbele ya bomba, mita tisa chini. Kahawa inachumwa kila siku na kiwandani hakuna maji ya kuimenyea. Tunabeba kwa mapipa, kwa trekta. Haitoshi. Jana rundo zima lilichacha, likamwagwa shimoni. Harufu imefika mpaka stoo.

Meneja ametangaza kwamba kesho anakuja mzamiaji, mtu wa bandari ya Tanga. Watu wamecheka. Mzee Tluway, mlinzi wa bwawa, amesema kama kuna mtu anayekaa chini ya maji nusu saa, basi yeye ataruka mpaka Oldeani.

Baridi. Ukungu haukuondoka mpaka saa tano.

Jumanne, 3 Agosti

Amefika na basi la mchana. Anaitwa Athumani. Nilitarajia jitu. Ni mtu mfupi, mwenye mvi, sikio la kushoto halisikii vizuri. Amevaa makoti mawili na bado anatetemeka. Ana mitungi mitatu ya hewa, suti ya mpira, mapezi ya miguuni, na boya la rangi ya chungwa lenye bendera nyekundu, mstari mweupe umekatiza mshazari. Amenieleza. Yeye akiwa chini, boya liko juu. Kamba inawaunganisha. Anapokwenda analikokota, na walio juu wakiiona bendera wanajua mtu yuko wapi.

Ila kamba haipo. Utingo wa basi aliikata kule juu ya keria akafungia magodoro ya abiria. Athumani aligundua walipofika Makuyuni. Magodoro yalikuwa yameshashuka na kamba yake. "Kamba ya miaka sita, Bi Basilisa. Leo inalala na watu nisiowajua." Alicheka, lakini uchungu niliuona.

Bila kamba hashuki. Kwa hiyo kazi imeniangukia mimi, mtunza stoo. Nikamtolea kamba bora niliyo nayo: katani, mpya, nene kama kidole gumba cha mwanaume. Akaishika, akaikunja, akanirudishia. Akauliza kama nina nyingine.

Nimeudhika. Mimi ni binti wa mchimba visima. Baba alinifundisha kamba kabla sijajua kusoma. Kamba iwe nene, ifungwe kiunoni, kwa fundo lake. Ndivyo alivyoshuka visima vya Mbulu, na kila kisima alipanda. Mpaka leo yuko hai, anakula ugali wake na kulalamikia mboga.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema. Huyu ndiye wa kwanza kuikosa.

Jumatano, 4 Agosti

Maduka ya Karatu matupu. Sukari hakuna, sabuni hakuna, sembuse kamba. Nimezunguka mpaka miguu ikauma. Kwa mchuuzi wa ng'ombe nimepata kipande cha kamba ya plastiki ya buluu. Kwa fundi wa gereji, mshipi wa kuvulia samaki, sijui anavua wapi. Mzee Tluway amenipa kamba ya ngozi ya ng'ombe aliyoisuka mwenyewe, nyeusi, laini, inang'aa. Anaisifu kama mtoto wa kwanza. Ya nne ni katani yangu.

Zote, ila mshipi, tumezitia kwenye pipa la maji tangu saa sita mpaka saa kumi na moja, kisha nikazipima kwa mizani ya kahawa. Hilo lilikuwa wazo langu.

Katani imenitia aibu. Imekunywa maji mpaka uzito umekaribia kuwa mara mbili, na fundo nililolifunga limekaza hata kwa msumari halifunguki. Ya ngozi imevimba na kuteleza kama utumbo. Mzee amesema ni maji ya pipa, kamba yake haijazoea kutu. Mshipi Athumani hakutaka hata kuujaribu. Unakata vidole, hauonekani majini, na ukimzunguka mtu mguuni ndiyo basi. Ya buluu inaelea, hainywi maji, nikadhani tumemaliza. Akaitupa juu ya maji. Ikajikunja yenyewe, pete juu ya pete, kwa sababu imesokotwa. Huko kwenye matete, anasema, kila pete ni mtego.

Anataka kamba iliyofumwa, si ya kusokotwa. Nyembamba kama penseli. Laini. Isiyokunywa maji.

Penseli! Namwangalia mtu mzima, ana wajukuu, anataka kuning'inia kwenye penseli. Sikumjibu. Nimeogopa kusema ninachokifikiri.

Alhamisi, 5 Agosti

Leo nimeingia bwawani. Mimi, na miaka yangu arobaini na moja.

Nilimwambia Athumani wazi kwamba sitampa kamba nyembamba. Akifa, watauliza nani alimpa kamba. Hakubishana. Alifunga boya kwenye katani yangu, akaniambia niingie maji ya magotini na nilikokote mpaka kwenye mti mkavu ulioanguka ufukweni. Nikapandisha kanga, nikaingia. Maji baridi mpaka mifupa ikalia. Upepo ulikuwa umeanza. Katani nzito ikavutia boya chini, bendera ikalala juu ya maji, na kila hatua nilivuta kama ndama aliyegoma. Nilipofika nilikuwa nahema. Mzee Tluway alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha Athumani akanifungia kamba ya viatu. Ndiyo, kamba za viatu vyake alizoziunga. Nikavuta tena. Boya likanifuata kama mbuzi aliyezoea nyumba. Bendera iliinama kidogo tu kufuata mvuto, nikisimama ikasimama wima. Mkononi sikuhisi kitu.

Nikasema haya, lakini kiunoni je? Nyembamba itakukata tumbo tukikuvuta. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo nimelifikiria jioni yote: "Hii si kamba ya kunivuta. Ya kisima ni ya kumvuta mtu. Hii ni ya kunionyesha tu. Hata siifungi mwilini. Naishika mkononi. Ikinaswa, naiachia, napanda mwenyewe."

Mzee Tluway amesema kamba isiyovuta mtu ni uzi wa kushonea. Nusu yangu bado iko upande wake.

Lakini nimekumbuka mahali penye kamba ya namna hiyo. Mahema.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimepanda Ngorongoro na Landrova ya shamba iliyopeleka viazi. Getini tulisimama muda mrefu, ukungu, nyati wawili barabarani hawana haraka. Binamu yangu Paulina anatunza vifaa kwenye kambi ya watalii juu ya ukingo wa kreta. Mahema yao yote yanafungwa kwa kamba nyeupe ya nailoni, imefumwa, unene ule ule wa penseli. Nilipoishika nilicheka peke yangu.

Paulina alikuwa na bunda zima ambalo halijafunguliwa. Lakini Paulina ni Paulina. Aliniuliza habari za mama, za kanisa, za mahindi, kisha akauliza kama nina sabuni. Nilikuwa na mche mmoja, wa mwisho, nilioufunga kwenye kitambaa kwa sababu namjua. Ameunusa kwanza. Nikapewa mita ishirini.

Nimerudi nimelala begani kwa dereva. Kamba mapajani. Athumani ameipitisha vidoleni yote, mwanzo hadi mwisho, macho yamefumbwa. Akasema, "Hii." Basi. Nimefurahi kupita kiasi, kama niliyeshinda mtihani.

Jumamosi, 7 Agosti

Tumekata. Kina ni mita tisa. Athumani anasema chukua kina na nusu yake. Ikiwa fupi inampandisha au inazamisha boya. Ikiwa ndefu boya linazurura, bendera inaonyesha mahali asipo. Tumefanya kumi na nne, nikachoma ncha kwa kiberiti zisifumuke. Amechonga kibao cha kuiviringishia.

Mpango umekubaliwa mbele ya Meneja. Hewa ni mitungi mitatu tu, na ya kuongeza ni mpaka Tanga, kwa hiyo hawezi kutoka majini kila mara. Akishasafisha kidogo mbele ya bomba, ataogelea chini chini na bendera yake mpaka kuupita mti mwingine mkavu, ule uliosimama katikati ya bwawa. Bendera ikishaupita mti, gurudumu lizungushwe, maji yasukume matope. Bendera ikiwa upande wa ukuta, gurudumu lisiguswe na mtu. Akauliza tumeelewa. Tukasema tumeelewa. Akatuuliza tena mmoja mmoja, hata Meneja.

Upande wa kibao ni wake. Upande wa boya, fundo ni langu. Kila asubuhi nikague kamba yote kwa mkono.

Jumapili, 8 Agosti

Misa. Sikusikia hubiri. Niliwaza fundo.

Jumatatu, 9 Agosti

Ameshuka na amepanda. Dakika thelathini na tano kwa saa ya Meneja. Shamba zima lilikuwa ukingoni. Juma, kibarua wa Singida anayezungusha gurudumu, alisali kwa sauti. Mapovu yalikuwa yanapanda karibu na ukuta na bendera juu yake, imetulia. Kisha ikaanza kwenda, imeinama, taratibu, mpaka ikaupita mti. Juma akazungusha. Bomba upande wa pili likakohoa, likatema tope jeusi na vijiti, likanyamaza. Lakini limetema! Watu walipiga vigelegele kwa tope.

Athumani alitoka midomo ya buluu. Tumempa chai ya tangawizi, vikombe vinne. Anasema bado kuna gogo.

Kamba haina hata mkwaruzo. Nimeshukuru Mungu, na Paulina, kwa mpangilio huo. Mzee Tluway, ambaye hajaruka mpaka Oldeani, alikuwa ameidharau kamba siku zote. Leo ameiomba mwenyewe akaianike kwake, kibanda chake kiko hapo hapo bwawani. Nikampa. Niliona ameanza kuiheshimu.

Jumanne, 10 Agosti

Naandika polepole.

Asubuhi nilichelewa. Wachumaji walitaka matenga, mawili hayana mikono, kelele. Nilipofika bwawani Athumani alishavaa, Meneja anatazama saa. Mzee Tluway akanipa kamba imekunjwa vizuri sana. Nikaanza kuipitisha mkononi. Ilikuwa laini kuliko jana. Vidole vikanuka kondoo. Nilijua harufu ile. Mafuta ya mkia. Nyumbani kila kamba ya ngozi hupakwa, isipasuke, isioze.

Nilijua. Nilisimama hapo na harufu vidoleni na nikajua. Meneja akasema, "Basilisa, kahawa haikusubiri wewe." Nikaona haya kusimamisha kazi ya watu wote kwa ajili ya harufu. Nikafuta mikono kwenye kanga. Nikafunga fundo la baba, lile lile, nikalivuta mara moja, likakaa. Nikanyamaza.

Akashuka. Bendera ilitulia karibu na ukuta. Upepo wa mlimani ukaanza mapema kuliko jana, maji yakapata mikunjo. Labda dakika kumi na tano. Kisha bendera ikaondoka, ikaelekea kwenye mti.

Meneja akasema amemaliza huyo, tayari Juma. Bendera ikaupita mti. Watu wakashangilia. Mimi niliitazama nikaona kitu kibaya, sikukijua mara moja. Ilikuwa inakwenda haraka. Ilikuwa imesimama wima. Bendera inayokokotwa huinama, niliikokota mwenyewe. Hii ilikuwa inatembezwa na upepo. Nikatazama chini ya ukuta. Mapovu. Yale yale, mahali pale pale.

Juma alikuwa ameshika gurudumu. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini, nadhani Kiiraqw cha nyumbani. Likazunguka. Nilikimbia, nikalirukia, nikaingiza mikono yote miwili kati ya vyuma nikalilalia. Meneja akafoka nimepata wazimu, kwamba bendera kila mtu anaiona iko kule. Nikasema, "Mtu yuko hapa! Funga!" Juma, Mungu ambariki, hakusubiri Meneja. Alinitoa mikono, akarudisha nyuma. Lilikuwa limeshafunguka robo.

Tukasubiri. Niliangalia mapovu na sikuyaona tena. Huo ndio muda mrefu kuliko yote niliyoishi.

Kichwa kikatokea, karibu na ngazi ya chuma ya ukuta. Athumani hakupanda. Alishika ngazi tu, ameegemeza paji la uso kwenye chuma. Glavu ya mkono wa kushoto haikuwepo. Alisema baadaye: kamba ililegea ghafla mkononi, akajua boya limekwenda, akataka kupanda, na hapo bomba likavuta. Likamshika vidole. Glavu ikaenda ndani, mkono ukabaki.

Boya lilikutwa kwenye matete ya ng'ambo. Kitanzi chake cha chuma kitupu. Fundo langu lilikuwa limeteleza lote, kama halijawahi kufungwa.

Meneja akauliza ni nani ameigusa kamba. Mzee Tluway akasema yeye, bila hofu yoyote. "Nimeipaka mafuta jana, isioze. Mafuta mazuri, ya kondoo wangu mwenyewe." Alisema kama mtu anayengoja asante. Kisha akaona nyuso.

Walimsema vibaya. Mshamba, muuaji, mchawi. Juma pekee alinyamaza. Juma na mimi.

Jumatano, 11 Agosti

Hakuna kuzamia leo. Athumani amelala, mkono umevimba lakini vidole vyote vinakunjika. Meneja amenisifu mbele ya watu wote kiwandani. Mama Stoo ana macho. Mama Stoo ameokoa mtu. Walinipigia makofi. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mzee Tluway hajaja bwawani. Vijana wa kiwandani wameshamtungia wimbo kuhusu kukaanga kamba. Nimewaambia waache. Hawakuacha, kwa sababu sikuwaambia kwa nini.

Nimeirudia hesabu ya jana. Kama nisingenusa, lingekuwa kosa la Mzee. Nimenusa. Yeye alitenda asilolijua. Mimi nilijua. Ukiniuliza ni nani alitaka kumuua Athumani, nitajibu hakuna. Ukiniuliza ni nani angeweza kuzuia, ni mmoja tu, na leo amepigiwa makofi.

Alhamisi, 12 Agosti

Mtungi wa mwisho.

Alfajiri nimeiosha kamba. Sabuni iko Ngorongoro, Paulina anaogea. Nimetumia majivu na maji ya moto, mara tatu, mpaka ikakwaruza mkononi na kunuka moshi tu. Nikampelekea Athumani aipime kwa vidole vyake. Akaipitisha yote.

Hapo nikamwambia. Kwamba nilinusa kabla hajashuka. Kwamba nilijua ni mafuta. Kwamba niliona haya mbele ya Meneja nikafunga hivyo hivyo. Sikulia, ila sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Alikuwa akigeuza kibao mkononi. Nilidhani hakusikia, nikafikiria lile sikio la kushoto, nikaanza upya. Akanizuia. "Nimekusikia, Bi Basilisa. Lakini anayetukanwa si mimi."

Nilidhani atamwita Juma afunge boya. Akanipa mimi ile ncha. Akanionyesha fundo lao la bandarini, la mizunguko miwili zaidi, linalouma nailoni. Akanifungisha, akalivuta kwa uzito wake wote, akalifungua, akanifungisha tena. Mara kumi. Mkono wake uliovimba ulikuwa unamuuma na hakuharakisha.

Gurudumu safari hii limefungwa kwa mnyororo na kufuli. Ufunguo alishuka nao mwenyewe, shingoni. Amesema mpango wa mti ulikuwa kosa lake, aliamini bendera mno ili aokoe hewa. Leo atatoka majini kabisa ndipo lifunguliwe.

Dakika arobaini. Sikuitazama bendera peke yake. Bendera, mapovu, bendera, mapovu, mpaka shingo ikauma. Akatoka, akafungua kufuli, Juma akazungusha. Kwanza hakuna kitu. Kisha ardhi ilitikisika chini ya miguu na bomba likatoa maji, meusi, mekundu, yakiwa na matawi na gogo lililooza, na katikati yake glavu. Watu waliikimbilia ile glavu kuliko maji. Juma ameivaa mpaka jioni.

Kiwanda kimefanya kazi mpaka giza. Nimesimama mferejini nikatia mikono.

Ijumaa, 13 Agosti

Ameondoka na basi la asubuhi. Boya na kamba amevifunga ndani ya mfuko, mfuko ameukalia. Utingo alitaka kuuweka juu ya keria, akaambiwa ajaribu aone.

Hakuniuliza kama nimeshakwenda kwa Mzee. Aliniangalia tu alipopanda. Nimeona aibu mpaka shingoni.

Meneja alikuja stoo saa tisa kuchukua karatasi. Nikamwambia palepale, kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Akakaa juu ya gunia. Akasema kama ni haraka, basi aliyenikimbiza ni yeye, na kwamba mambo yameshakwisha, ya nini kuyafukua. Nikasema kwake yamekwisha, kwa Mzee hayajaisha. Akasema Mzee arudi kazini, nani amemfukuza? Kweli hakuna aliyemfukuza. Amejifukuza.

Jumamosi, 14 Agosti

Nilikwenda mpaka kwenye mwerezi wa njia panda ya kwa Mzee, nikarudi. Nikajiambia kuna magunia. Hakukuwa na magunia.

Jumapili, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria. Kanisa lilijaa. Baada ya misa nimekwenda, na nguo zile zile za kanisani ili nisipate kisingizio cha kurudi nyumbani kubadili.

Mzee Tluway alikuwa nyuma ya nyumba yake, amefunga ngozi mbichi kwenye nguzo ya zizi, anakata mkanda mrefu kwa kuizunguka ngozi, kutoka ukingoni kwenda katikati, bila kuukatisha. Hakuniangalia. Aliitikia salamu kwa neno moja. Mkewe alinipa maziwa akaingia ndani.

Nikasema nikiwa nimesimama. Kwamba asubuhi ile niliinusa. Kwamba nilijua ni mafuta yake na nilijua yatateleza, nikafunga, nikanyamaza. Kwamba nikanyamaza tena walipomtukana. Kwamba nimeshamwambia Meneja, na kesho nitawaambia wa kiwandani wote kabla ya kugawa matenga.

Aliendelea kukata. Kisu hakikusimama hata kidogo. Nilidhani atanifukuza na nilikuwa tayari. Mkanda uliongezeka chini miguuni pake, mzunguko baada ya mzunguko.

"Ulijua," alisema mwishoni.

"Nilijua, baba."

"Mimi sikujua." Akafuta kisu kwenye paja. "Usiku silali. Nasema nimezeeka, nimepoteza akili, nimetaka kuua mtoto wa watu. Nasema peke yangu."

Ng'ombe mmoja alikohoa zizini.

"Kumbe tulikuwa wawili," alisema.

Akaukata mkanda, akaokota ncha yake moja, akanipa nishike. Akarudi nyuma hatua kadhaa na ncha nyingine, akaanza kusokota. Nikavua viatu vya kanisani, nikakaza miguu. Alikuwa anavuta kwa nguvu, na mimi sikuachia. Tulifanya hivyo mpaka jua likafika kwenye mahindi, halafu nikaenda nyumbani kupika.